Kalamu Si Tiketi ya Kuingilia Tamasha Bure

Imezuka kazi mpya katika miji inayouzunguka Mlima Kenya. Kuanzia Nyeri hadi Karatina, Nanyuki hadi Meru, Kerugoya hadi Embu, ni nadra siku hizi tamasha la muziki kufanyika bila kundi la vijana kujitokeza langoni, kila mmoja akiwa na simu mkononi na kitambulisho shingoni, wakitaka wapishwe waingie bila kulipa. Bawabu akiwauliza wao ni akina nani, hujibu kwa sauti ya kujiamini kwamba wao ni wanahabari wa burudani wa kujitegemea, na kwamba habari zao husomwa kwenye intaneti. Wengi hupishwa. Wachache hurudishwa, nao huenda zao wakiapa kumwandika vibaya mwenye tamasha.

Wapo watu wazima wanaowacheka vijana hawa na kuwaita wadoezi waliojifunza kuandika. Mimi siwacheki. Naamini kuna jambo zito katika shughuli yao hii, jambo linalowahusu wasanii wetu, wasikilizaji wanaotoa pesa zao mlangoni, na hata kumbukumbu ya muziki wa sehemu hii ya nchi. Ndiyo maana nimeona si vyema tulipite kwa kicheko.

Njia yenyewe si siri, na vijana hufundishana waziwazi. Kwanza, mtu hufungua tovuti au ukurasa wake, ama kwa gharama ndogo ama bila gharama yoyote. Pili, huandika makala matano au sita kuhusu nyimbo mpya na maisha ya wasanii, ili mgeni akifungua ukurasa huo asikute pakavu. Tatu, humwandikia mwandalizi wa tamasha au meneja wa msanii barua fupi yenye heshima, akiomba jina lake litiwe katika orodha ya wanahabari. Nne, hufika mapema, hupiga picha, na kesho yake humtumia mwenyeji wake makala aliyoandika, ili tamasha lijalo asisahaulike. Anayeshika hatua hizo kwa miezi michache huanza kuingia bure mahali ambapo wenzake hutoa Sh500 au Sh1,000, na pengine hupewa kiti cha mbele na fursa ya kuzungumza na msanii nyuma ya jukwaa.

Yafaa niseme mapema kwamba katika hatua hizo nne sioni dhambi. Mwandishi wa habari za michezo halipi kiingilio uwanjani. Anayeandika habari za mahakama halipi hakimu ili asikilize kesi, wala anayeandika habari za Bunge hanunui kiti katika ukumbi wa wanahabari. Kazi ya uandishi inahitaji mwandishi awepo mahali jambo linapotendeka, na kumtoza ada kila anapokwenda kazini ni kuwaachia kazi hiyo wenye pesa peke yao. Isitoshe, Kifungu cha 33 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Hakusemwi humo kwamba uhuru huo ni wa walioajiriwa na magazeti makubwa ya Nairobi.

Na tukisema kweli, magazeti hayo yamewaachia vijana hawa uwanja. Kurasa za burudani katika magazeti yetu hujaa habari za Nairobi. Msanii wa mugithi anaweza kujaza ukumbi mjini Karatina kila mwisho wa juma kwa mwaka mzima, na asitajwe gazetini mpaka siku atakapopata ajali au atakapogombana na mkewe. Mwandishi wa gazeti aliyetumwa Nyeri huwa na siasa za kaunti, bei ya kahawa na majani chai, kesi za mauaji na ndovu waliovamia mashamba. Hana usiku wa kwenda kusikiliza gitaa, na hata akienda, mhariri wake hana nafasi ya kuichapisha habari hiyo.

Redio nazo zina hali yake. Kuanzishwa kwa kituo cha Kameme mwaka 2000, kisha Inooro mwaka 2003, kuliufufua muziki wa Kikuyu kwa namna ambayo wengi hatukuitarajia. Nyimbo zilizokuwa zimesahauliwa zilirudi hewani, na wasanii vijana wakapata masikio. Kwa upande wa Meru na Embu pia, vituo vinavyotangaza kwa lugha za huko vimewainua wasanii wa huko. Tunavishukuru. Lakini kituo cha redio aghalabu ndicho kinacholitangaza tamasha, ndicho mdhamini wake, na watangazaji wake ndio washereheshaji jukwaani. Si haki kumtarajia mtu aliyepika chakula asimame mezani atuambie kuwa chumvi imezidi.

Kwa hiyo pengo lipo, nalo ni kubwa. Anahitajika mtu asiyemtegemea mwandalizi, asiye mtumishi wa redio, na asiye na mhariri Nairobi wa kumwambia kwamba Nyeri ni mbali. Kijana mwenye simu na tovuti yake angeweza kuwa mtu huyo. Swali langu ni hili: je, ameingia langoni kwa ajili ya kazi hiyo, au ameingia kwa ajili ya kuingia tu?

Hebu tutazame hasara iliyopo iwapo jibu ni hilo la pili. Muziki wa eneo hili haujawahi kuwa mambo ya kujifurahisha peke yake. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 na kuaga dunia Oktoba 2018, aliimba katika miaka ya 1960 wimbo uliowakera walimu kwa jinsi ulivyowaonya waache kuwaandama wanafunzi wasichana. Alipouawa J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, mwezi Machi 1975, Kamaru aliimba tena, na watu wakasikia katika wimbo huo maneno ambayo wengi waliogopa kuyasema. Baada yake wakaja akina Daniel Kamau, Queen Jane na John De'Mathew, kila mmoja na namna yake ya kuusema ulimwengu. Kisha likaja wimbi la mugithi, neno lenye maana ya gari la moshi, ambapo mtu mmoja na gitaa lake huwainua watu vitini wakafuatana kwa mstari, mikono mabegani mwa aliye mbele, wakizunguka ukumbi kama mabehewa.

Nyimbo za watu hao zimehifadhiwa, angalau kwa sehemu. Mjukuu wa Kamaru, aliyerithi jina la babu yake na ambaye mashabiki wa muziki wa kielektroniki katika nchi nyingi humjua kama KMRU, ndiye aliyejitwika kazi ya kuzitoa upya kwenye intaneti rekodi za mzee huyo. Lakini wapi zilikohifadhiwa habari za matamasha yenyewe? Nani aliandika ni watu wa aina gani waliokuwa ukumbini, waliomba wimbo gani urudiwe, mpiga gitaa alikuwa nani, msanii alisema nini baina ya nyimbo, na polisi walifanya nini walipofika? Usiku mwingi wa namna hiyo umepotea kwa sababu hapakuwa na mwandishi aliyeingia. Leo waandishi wanaingia kumi, kumi na watano, ishirini kwa usiku mmoja, na bado usiku unapotea, kwa kuwa kinachoandikwa ni kimoja: kwamba tamasha lilifana, umati ulifurika, na msanii aliwaacha mashabiki wakitaka zaidi.

Nitatoa mfano. Msimu mmoja wa Krismasi nilinunua tiketi ya Sh1,000 ili nikamsikilize msanii mmoja maarufu katika ukumbi mmoja mjini Nyeri. Tangazo lilisema saa mbili usiku. Msanii alipanda jukwaani saa saba na robo, akaimba nyimbo nne juu ya sauti iliyorekodiwa, akaagana nasi. Waliotoka Othaya na Mukurwe-ini walikuwa wamekwisha kukosa matatu ya mwisho, nao wakaketi kituoni katika baridi ya mlima wakingoja kupambazuke. Kesho yake nilisoma makala manne kuhusu usiku huo kwenye intaneti. Yote manne yalisema lilikuwa tamasha la kukata na shoka. Hapana hata moja lililotaja saa aliyopanda msanii, wala idadi ya nyimbo, wala watu waliolala kituoni. Waandishi wake niliwaona kwa macho yangu: waliketi mbele, katika viti vya wageni wa heshima, na vinywaji vyao vilikuwa vya mwenyeji.

Sh1,000 zangu si kitu. Kinachonikera ni kwamba mwandalizi yule alijifunza usiku ule kuwa anaweza kufanya hivyo tena. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walijua kwamba sifa zisizostahili humharibu anayesifiwa kabla hazijamdhuru anayedanganywa. Msanii anayesifiwa kwa nyimbo nne hawezi kuona sababu ya kufanyia mazoezi nyimbo kumi na mbili. Mwandalizi anayesifiwa kwa vipaza sauti vinavyokwaruza hanunui vingine. Na msikilizaji aliyetapeliwa mara mbili hukaa nyumbani mara ya tatu, hivi kwamba hata yule msanii mwaminifu, anayefika kwa wakati na bendi yake kamili, hukuta ukumbi nusu mtupu.

Hapo ndipo kiingilio cha bure kinapogeuka kuwa deni. Mkopeshaji ni mwandalizi, mkopaji ni kijana, na anayelipa ni msomaji. Jambo hili si geni duniani. Nchini Marekani, mtangazaji Alan Freed, aliyefanya kazi kubwa ya kulieneza jina la muziki wa rock and roll, aliporomoka baada ya kufichuka mwaka 1959 kwamba watangazaji wa redio walikuwa wakipokea malipo ya siri ili wacheze nyimbo fulani. Mwaka 1962 alikiri mashtaka ya hongo za kibiashara, na mwaka 1965 akafariki akiwa amepoteza kila kitu alichokuwa amekijenga. Nusu karne baadaye, mwaka 2009, Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilitoa mwongozo unaowataka waandishi wa intaneti wanaopewa vitu vya bure kuwaambia wasomaji wao waziwazi kwamba wamepewa. Hawakukatazwa kupokea, walitakiwa wasifiche.

Hapa kwetu, Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 ilikuja na kanuni za maadili, na kanuni hizo zilimtaka mwanahabari asipokee zawadi, hisani wala malipo kutoka kwa mtu anayeweza kutaka kuielekeza habari upande wake. Kijana anayejitundika shingoni neno la uanahabari amejitwika na mzigo huo pia. Hawezi kudai heshima ya jina akakataa sharti lake. Kama anajiona shabiki tu anayewapasha wenzake habari, hilo halina ubaya, na Katiba inamlinda. Lakini basi apange foleni na mashabiki wenzake alipe.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba Sh500 haziwezi kumnunua mtu, na kwamba mwandalizi hapotezi chochote kwa kumwingiza mtu mmoja zaidi ukumbini. Tufanye hesabu. Tuseme ukumbi mmoja Nanyuki unachukua watu 400, na kiingilio ni Sh500. Ukijaa, mwandalizi amepata Sh200,000. Katika fedha hizo atalipa ukumbi, mitambo, walinzi, leseni, matangazo, msanii na bendi yake. Wakiingia wanahabari 40 mahali pa watu 40 ambao wangelipa, Sh20,000 zimekwenda. Wenye nguvu katika biashara hiyo hawatakubali zitoke katika fungu lao. Zitakatwa kwa mpiga besi, kwa mpiga ngoma, kwa yule kijana aliyebeba spika mabegani. Wanamuziki hawa wadogo ndio wasioandikwa popote, na ndio wanaogharimia uandishi wa wale wanaosema wanaupenda muziki.

Nitaambiwa pia kwamba kijana asiye na kazi amejitafutia njia, na kwamba si vyema mtu mwenye mshahara kumfungia mlango. Hoja hii ina uzito nami naiheshimu. Vyuo vyetu, vikiwemo Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi na kile cha Karatina, hutoa wahitimu kila mwaka, na wengi wao hurudi nyumbani wakakaa. Kama uandishi wa burudani unaweza kuwa riziki yao, heri. Lakini kiingilio cha bure si riziki. Huwezi kukipeleka dukani ukanunua unga. Kijana anayezunguka miaka mitatu kutoka tamasha moja hadi jingine akiridhika kwamba hakulipa mlangoni, atajikuta mwisho wake ameona wasanii wengi na hana kitu. Riziki hutokana na wasomaji wanaomwamini, na wasomaji hawamwamini mtu anayesema kila usiku ulifana.

Hebu tuwatazame waliofanikiwa. Katikati ya miaka ya 1990, kijana mmoja wa jimbo la Minnesota, Marekani, aitwaye Ryan Schreiber, alianza kuandika tahakiki za muziki kwenye intaneti akiwa nyumbani kwa wazazi wake. Tovuti yake, Pitchfork, ilijulikana kwa ukali wake. Iliipa kila albamu alama, na alama hizo hazikumwonea mtu haya. Kwa sababu watu waliziamini, zikawa na uwezo wa kumwinua msanii asiyejulikana. Kampuni kubwa ya magazeti ya Condé Nast iliinunua mwaka 2015. Kwamba mwaka 2024 kampuni hiyohiyo iliiunganisha na jarida jingine na kuwaachisha kazi waandishi kadhaa ni funzo la pili, kuwa uhuru ukiuzwa haurudi kwa urahisi. Lakini funzo la kwanza linabaki palepale: aliyeanza chumbani kwa wazazi wake alifika mbali kwa kusema alichokisikia.

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani. Karatina ilikuwa na Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2001. Serikali ya mkoloni ilimtia kizuizini katika miaka ya 1950, naye akaweka shajara ya mateso yake huko. Shajara hiyo ilipotolewa kuwa kitabu kwa lugha ya Kikuyu, ilimpatia Tuzo ya Noma mwaka 1984. Mzee huyo alikuwa na kiwanda chake cha uchapaji katika mji huohuo wa Karatina, akachapisha vitabu na jarida kwa lugha ya watu wake. Hakungoja Nairobi imwite. Nyeri nayo ilimzaa Wahome Mutahi, aliyefariki mwaka 2003, ambaye safu yake ya Whispers iliwachekesha Wakenya huku ikiwauma wakubwa, na ambaye michezo yake ya kuigiza kwa Kikuyu ilitoka kwenye kumbi za kifahari ikaingia mabaa, mahali watu walipo. Hao wawili walikuwa waandishi wa kujitegemea kabla neno hilo halijawa la fasheni. Kijana wa leo ana simu inayofanya kazi ya kiwanda kizima cha uchapaji. Anachokosa si mtambo.

Basi mwandishi wa burudani wa kweli hufanya nini akishaingia? Hutazama saa. Huandika msanii alipanda jukwaani lini na alishuka lini. Huhesabu nyimbo. Husikiliza maneno, akayaeleza kwa msomaji asiyejua Kikuyu au Kimeru. Huuliza majina ya wapigaji ala, wote, na akithubutu huuliza walilipwa nini. Hutembea mpaka nyuma ya ukumbi, mahali waliko waliolipa kiingilio cha chini, akasikia kama sauti inafika. Huangalia vyoo. Na zaidi ya yote, huangalia milango.

Nasema milango kwa makusudi. Usiku wa kuamkia mwaka 2023, jijini Kampala, watu waliokwenda kuukaribisha mwaka mpya katika jumba la biashara la Freedom City walikanyagana, na watu wasiopungua 9 wakapoteza maisha, wakiwemo watoto. Mwaka huohuo, tarehe 20 Oktoba, watu walikanyagana katika uwanja wa Kericho asubuhi ya sherehe za Mashujaa, na wengine wakafa. Kumbi zetu nyingi za mlimani ni mabaa yaliyopanuliwa. Mlango wa kuingilia ndio wa kutokea. Mwandishi aliyeketi mbele na kinywaji cha mwenyeji hatauona mlango uliofungwa kwa kufuli nyuma yake. Aliyeuona na kuuandika mapema huenda ameokoa maisha ya watu, na hakuna atakayejua.

Tena mwandishi huyo huijua sheria ya kazi yake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa msanii haki ya kukubali au kukataa kurekodiwa kwa maonyesho yake. Kitambulisho cha mwanahabari hakimpi mtu ruhusa ya kurekodi tamasha zima kwa simu na kuliweka kwenye chaneli yake ili yeye avune fedha za matangazo. Anayefanya hivyo ameingia bure, ametoka na bidhaa, na ameiuza. Katika biashara nyingine tuna jina la mtu wa namna hiyo.

Napendekeza yafuatayo. Waandalizi wa matamasha waweke orodha fupi ya wanahabari, kwa idadi inayolingana na ukumbi, na waitangaze mapema. Wasitoe vinywaji wala bahasha. Wamwalike mwandishi kwa kazi aliyokwisha kuifanya, wala si kwa ahadi ya sifa, na wasimfute orodhani kwa sababu aliandika kwamba sauti ilikuwa mbovu. Mwandalizi anayemwogopa mwandishi mkweli ameshatueleza habari ya tamasha lake.

Vijana nao wajiandikishe. Baraza la Vyombo vya Habari hutoa vitambulisho kwa wanahabari wanaotimiza masharti yake, na hata wa kujitegemea wana njia ya kuomba. Kadi hiyo ni bora kuliko kipande cha plastiki kilichochapishwa dukani karibu na stendi. Kila makala yabebe mstari mmoja unaosema kama mwandishi alilipa au alialikwa. Na mara moja kila mwezi, mwandishi alipe kiingilio kwa pesa zake, aketi nyuma na waliolipa, aandike kutoka huko. Atayaona mambo ambayo kiti cha mbele hakiyaonyeshi.

Magazeti yetu, likiwemo hili ninaloandikia, yasijitoe katika lawama. Kijana anayelipwa kitu kwa habari iliyochapishwa hana haja kubwa ya kinywaji cha mwandalizi. Tukiwatafuta vijana hodari wa Nyeri, Nanyuki na Meru, tukawapa nafasi hata ya safu moja kwa juma na tukawalipa kwa wakati, tutakuwa tumefanya mengi kuliko mahubiri haya yangu.

Na wewe msomaji, una sehemu yako. Ukisoma mahali kwamba tamasha lilifana, uliza lilianza saa ngapi. Mwandishi asiyeweza kukujibu hakuwa kazini, hata kama jina lake lilikuwa katika orodha ya mlangoni.

Mcheza kwao hutuzwa, ndivyo tulivyofunzwa. Wasanii wa mlimani wamecheza kwao kwa miaka mingi, na tuzo wanayoidai si kubwa: walipwe haki yao mlangoni, na miongoni mwa walioingia bila kulipa awepo japo mmoja aliyesikiliza mpaka mwisho, akaandika ukweli wa alichokisikia.